Asali ya Pori la Beloko

21 Novemba

Nimeolewa. Naliandika neno hili tena kwa sababu linanipendeza: nimeolewa. Leo tumefika Ndongori, kijijini kwa mume wangu. Kwenye kijito, mama yake na dada yake wakiwa ng'ambo wanatutazama, Ngaimona aliniinua kama kapu la nguo akanivusha. Maji yalimfika magotini. Alikuwa anacheka, nami nikaiona shingo yake kwa karibu, na mishipa miwili inayotokeza anapocheka, nikasema moyoni kwamba hata kama nyumba haina paa nitakaa.

Nyumba ina paa. Ina nyasi mpya zinazonukia, na kitanda alichokichonga mwenyewe.

Wifi yangu Delfina alinipima kuanzia kichwani hadi nyayoni, akasema kwa Kisango, lugha ya wote nchini, ili nielewe, "Kumbe Mbanda wako ana miguu. Nilidhani hana, jinsi ulivyombeba." Walicheka wote, nami nikacheka.

Hapa watu ni Wagbaya, isipokuwa Malam Sani mwenye duka, ambaye ni Mhausa, na Wambororo wenye ng'ombe walioko kilimani ng'ambo ya kijito, na kuanzia leo mimi, Mbanda wa Bambari. Shuleni Bambari mwalimu wa jiografia alikuwa akituimbisha wakazi wa nchi: Wagbaya thelathini na tatu kwa mia, Wabanda ishirini na saba, Wamandja kumi na tatu, Wasara kumi, Wamboum saba, Wambaka wanne, Wayakoma wanne, na wengine wawili. Nimemwambia Ngaimona kwamba mimi na yeye peke yetu ni zaidi ya nusu ya nchi, na nchi yote hiyo inalala kitanda kimoja. Alicheka mpaka akakaa chini.

26 Novemba

Nimepata shoga. Anaitwa Dija, Mmbororo, anakuja na kibuyu cha maziwa kichwani na michoro myembamba ya wino mashavuni na kidevuni, kama mtu aliyeandikwa barua usoni. Naye kaolewa mwaka huu, tena ana mimba. Kisango chake ni kibovu kuliko Kigbaya changu, kwa hiyo tunaelewana sana.

Alisema amesikia habari za kijito. Mumewe Gidado naye ana mikono yenye nguvu kama ya Ngaimona, ila kazi yake kubeba ndama. "Nikitaka kubebwa, bibi harusi, itabidi nianze kulia mbeee." Nilicheka hadi nikamwaga maziwa.

30 Novemba

Vumbi la kaskazini limeanza. Jua ni jeupe kama sahani. Nampenda.

4 Desemba

Nimemjua vizuri zaidi baba mkubwa Beloko, kaka wa marehemu baba yake Ngaimona. Ndiye aliyetoa mahari yangu, na ndiye mwenye pori la magharibi. Pori hilo haliguswi na moto mpaka yeye atamke, mwezi wa Januari, nyasi zikikauka sawasawa. Hapo kijiji kizima huingia na nyavu na mikuki, na nyama inayopatikana hukaushwa ikaliwa mpaka mvua. Bibi harusi wa mwaka hupewa paja la kwanza. Mwaka huu paja ni langu. Mama mkwe ameshaninunulia chumvi.

9 Desemba

Nitaikumbuka siku hii hata nikiwa bibi kizee asiye na meno.

Asubuhi Ngaimona alisema anataka nionje kitu. Tulikwenda kwa njia ya nyuma, tukaingia pori la baba mkubwa. Nilimuuliza kama inaruhusiwa. Alisema kuingia inaruhusiwa, na kwamba kuna mti wenye nyuki ambao baba yake alimwonyesha akiwa mdogo, hakuna mtu mwingine anayeujua. Alifunga mwenge wa nyasi mbichi na kavu. Kamba ikakatika, basi akaufunga kwa ule waya wa sanduku langu, nyaya tatu za shaba ambazo baba yangu, fundi wa redio, alizisuka kama nywele nilipokuwa naondoka nyumbani. Alikuwa ameuchukua mfukoni kwa kazi kama hiyo. Nilimwambia ole wake asiurudishe.

Alipanda mti bila kamba. Moshi ulimzunguka, nyuki walimzunguka, naye juu huko anaimba jina langu, Leontina, Leontina, kila tawi na jina lake. Alishuka na sega zima, jeupe, limejaa. Tulilila kwa mikono. Asali ilinitiririka mpaka kwenye viwiko, na yeye... haya, mengine hayaandikwi. Tulilala kidogo kivulini. Tulipoamka jua lilikuwa limepinda, tukarudi mbio kama watoto walioiba.

Ni asali tamu kuliko yote niliyowahi kula.

10 Desemba

Pori la baba mkubwa linaungua.

Tuliuona moshi saa nne asubuhi. Mchana mbingu ilikuwa ya rangi ya kutu, na majivu ya nyasi yakituangukia vichwani. Wanaume walikimbia na matawi mabichi, wakarudi jioni weusi, nyusi zimeungua, mikono mitupu. Paa, nguruwe, kanga, vyote vimekimbilia upande wa pili wa mto, kwa watu wengine. Nyama ya kijiji mpaka mvua imekwenda. Mama mkwe aliiweka ile chumvi juu kabisa ya dari, mahali asipoiona.

Ngaimona alifanya kazi kuliko wote. Nilimwosha mgongo.

11 Desemba

Baraza. Hakuna aliyejiuliza mara mbili ni nani. Wambororo huchoma nyasi mapema ili majani mabichi yaote ng'ombe wale. Kila mwaka wanagombezwa kwa hilo. Tena Gidado, mume wa Dija, alionekana juzi pembeni mwa pori na ndama wawili.

Mkubwa wao, Ardo Yunusa, alikuja na wazee watatu. Yeye na baba mkubwa ni masahibu tangu ujana, wameshatahiriana watoto. Alisema wala si kwa hasira, "Sahibu, nimekula nyama ya pori lako kabla hawa vijana hawajazaliwa. Ningelichoma nile nini?" Lakini akasema pia kwamba jirani akilia huendi kumuuliza analilia nini, na kwamba atatoa fahali mmoja. Baba mkubwa alikubali. Vijana walinung'unika.

Nilifurahi. Nilimtafuta mume wangu kwa macho ili tufurahi pamoja. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, anachonga kijiti.

13 Desemba

Wanawake tulikwenda kuokota panya na kobe waliokufa motoni. Nchi nzima nyeusi, na miguu inazama kwenye majivu laini, ya moto bado kwa chini. Delfina alikuwa anataniana na wenzake kwamba mwaka huu bibi harusi atapewa paja la panya.

Niliuona mti wetu. Nilikwenda peke yangu, nikijiambia nataka tu kuuona. Upande mmoja wa mti nyasi zilikuwa nzima, za njano, upepo unatokea huko. Upande wa pili kila kitu kimekwisha, na weusi wote unaanzia pale, kama maji yanavyoanzia kwenye chemchemi. Na hapo unapoanzia kulikuwa na nyaya tatu za shaba zilizosukwa kama nywele.

Niliuficha ule waya kwenye kitambaa changu. Sasa hivi uko chini ya godoro, na mimi niko juu yake.

14 Desemba

Nilimwonyesha. Hakukana. Alipiga magoti, akaniwekea kichwa mapajani, akalia. Alisema alidhani mwenge umezimika, aliukanyaga kwa mguu, alikuwa na haraka ya kuja kulala karibu yangu. Alisema baba mkubwa akijua atadai mahari yake yote, na mimi nitarudishwa Bambari kwenye lori. Alisema, "Fahali ameshatolewa. Nani ameumia? Niambie, Leontina, nani ameumia?"

Nilimshika nywele. Zinanukia moshi bado.

16 Desemba

Ah, dunia ina watu wema. Dija alikuja na maziwa, akanivuta nyuma ya nyumba. Alisema Gidado alituona siku ile, tunatoka porini tunakimbia, mikono inang'aa kwa asali, na nyuma yetu uzi wa moshi. Alitaka kusema barazani. Dija akamkataza. Alimwambia ndoa yao changa, na sisi changa, na fahali ni mmoja tu, Ardo ana wengi. "Wewe utanilipa kwa kunishika mkono siku nikizaa. Mama yangu yuko mbali."

Nilimkumbatia mpaka kibuyu kikayumba. Kisha nilikimbia kumwambia Ngaimona, maana habari njema kama hiyo siwezi kuibeba peke yangu. Alinibusu viganja, kimoja kimoja. Aliuliza nani mwingine anajua. Nilisema hakuna, Gidado na Dija basi.

17 Desemba

Amenichongea kinu kipya. Hakuna mume kama huyu.

19 Desemba

Leo fahali aliletwa. Mkubwa, mweupe, pembe kama zeze. Baba mkubwa na Ardo walikuwa wanataka kushikana mikono, mume wangu akasimama. Sijawahi kumsikia akisema mbele za watu. Ana sauti nzuri sana. Alisema fahali mmoja kwa njaa ya kijiji kizima ni kutemewa mate. Alisema leo wamechoma pori, kesho watachoma mihogo, keshokutwa watachoma nyumba, na sisi tutakuwa tunapokea fahali. Alisema wao ni wageni hapa.

Ardo alisema kaburi la babu yake liko pale kilimani. Ngaimona alimjibu, "Basi mfuate."

Vijana walipiga kelele za furaha. Niliona fahari kidogo, nakiri, kwa ile sauti. Halafu nilikumbuka waya.

Usiku kitandani nilimuuliza kwa nini. Alisema ukinyamaza sana watu wanaanza kukutazama.

21 Desemba

Vijana walivuka kijito asubuhi wakawakata ng'ombe mishipa ya miguu ya nyuma. Hawakuwachinja. Waliwaacha. Ng'ombe asiyeweza kusimama hulia kwa namna ambayo sijawahi kuisikia, na walikuwa wengi, na kilima kiko karibu. Mama mkwe alijaza pamba masikioni akaendelea kutwanga.

Ngaimona alirudi, akanawa mikono kwenye maji yangu ya kupikia.

22 Desemba

Dija hakuja. Ng'ombe bado wanalia.

24 Desemba

Bertin amekufa, mume wa Delfina. Alikuwa kwenye dimbwi la kuloweka mihogo, amezama hadi kiunoni, ana kapu la mihogo kifuani. Wambororo walimpiga mshale wa shingo na mwingine wa tumbo, na alipokuwa anajaribu kutoka, wakamkata. Mwanamume mwingine aliyekuwa naye alikimbia akiwa na mkono mmoja. Ule mwingine waliukuta kwenye mihogo.

Walimleta Bertin juu ya mlango. Delfina, ambaye tangu nifike hajanipitia bila kunichokoza, alikaa chini akaanza kumpangusa tope vidoleni, kidole kimoja kimoja, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Hakulia. Alipofika kwenye kucha alisema, "Mchafu huyu, kila siku namwambia."

Nilikaa naye. Nilimshika mguu Bertin, kwa sababu sikujua kingine cha kushika, nikawa nawaza waya, nikawa nawaza, nani ameumia, Leontina, niambie nani ameumia.

25 Desemba

Hakuna Krismasi. Wanaume wanavaa hirizi. Ngaimona ana tatu, zimemkaa vizuri kifuani, na najichukia kwa kuliona hilo.

28 Desemba

Baba mkubwa amelaza sore kwenye kivuko.

Sore ni mti mdogo tu, ule mtopetope wa porini wenye matunda ya njano ambayo watoto wanayapenda. Kwa Wabanda ni kuni. Kwa Wagbaya tawi lake likilazwa njiani, damu inakoma hapo. Mama mkwe alinieleza kwa kunong'ona, kana kwamba mti unasikia: mwenye panga asivuke, mwenye damu mikononi asivuke mpaka aoshwe kwa majani yake, na mwenye uongo moyoni akilivuka atavimba tumbo afe. Ardo naye, kule ng'ambo, alilaza fimbo yake ya kuchungia sambamba na tawi. Wazee wawili walikaa, mmoja huku mmoja kule, mpaka jua likawa kali. Nilidhani imekwisha.

31 Desemba

Kimya. Hata upepo. Nimeota asali.

3 Januari

Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Walivuka alfajiri. Nilimsikia Ngaimona akiamka, nikajua. Nilitangulia mlangoni. Nilimwambia asiende, nilimwambia kuna sore kijitoni. Alinitoa njiani taratibu, kwa mikono miwili kiunoni, vilevile alivyoniinua siku ile ya kwanza, akaniweka pembeni.

Nilimfuata hadi kijitoni. Walikuwa kama arobaini, na wengine sikuwajua, wametoka vijiji vya barabarani. Wote walisimama mbele ya tawi. Waliona. Hakuna aliyekuwa wa kwanza. Nilianza kumshukuru Mungu. Ndipo mume wangu akapita katikati yao, akalivuka kama mtu anavyovuka kizingiti cha nyumba yake. Wakafuata. Wengine walilikanyaga.

Kambi iliungua ikinuka maziwa na nywele. Kutoka pale kijitoni niliona vibanda vikiwaka kimoja baada ya kingine, na watu wakitoka wakikimbilia nyasi za upande wa pori, na nyasi hazikuwepo, maana zilishaungua. Hakukuwa na pa kujificha hata kwa sungura. Walikuwa wanaonekana wote juu ya ule weusi, nguo zao za rangi, na wanaume nyuma yao bila hata kukimbia sana. Panga linapopiga mtu kwa mbali, unaliona kwanza, sauti inakuja baadaye. Nilijifunza hilo leo. Ardo alitoka na fimbo yake, akasimama. Alisimama muda mfupi.

Malam Sani pia. Yeye hana ng'ombe hata mmoja. Waliporudi walipitia dukani kwake, wakamtoa chini ya kaunta. Alikuwa ananiwekea sabuni ya kunukia kila wiki. Delfina alisimama barabarani akawaambia Malam ndiye aliyetoa sanda ya Bertin. Walimsukuma Delfina kando.

Ngaimona alirudi saa nne. Damu ilikuwa imemkauka hadi viwikoni, pale pale ilipofika asali. Alikuwa na kibuyu cha maziwa, kizima, kimefungwa kwa kitambaa safi. Alinipa. "Nilijua unayakosa," alisema.

Nilikijua kibuyu, cha Dija. Nilimuuliza Gidado yuko wapi. Alisema Gidado alimwita kwa jina, akamwambia, Ngaimona, mimi sikusema. "Nikamwambia najua. Sasa hutasema kabisa." Alisema hivyo akiwa anavua viatu. Halafu akaniomba maji ya moto.

Mimi ndiye niliyemwambia. Nilikimbia kumwambia.

4 Januari

Asubuhi nilikwenda ghala la mihogo nikamkuta Dija kati ya magunia. Ametoka kwenye moto kwa kujipaka masizi na kulala chini kati ya maiti. Kitambaa chake kimeganda damu. Hakuniuliza kitu. Alinyoosha mkono tu, kama tulivyokubaliana, nikaushika. Mtoto bado anacheza tumboni.

Nilimwachia maji, nikafunga mlango, nikatoa waya chini ya godoro, nikaenda kwa baba mkubwa.

5 Januari

Baraza, chini ya paa la kanisa, vijana wamesimama na mapanga kiunoni. Nilisema yote: mti, mwenge, usingizi, waya. Sikusema kuhusu Dija. Niliuweka waya mezani. Nilisema mpaka mwisho, kwa Kigbaya kibovu, na kwa Kisango pale Kigbaya kilipokwisha.

Kijana mmoja alisema Mbanda amepewa kitu na Wambororo. Mwingine akasema wanawake wa kuja ndivyo walivyo. Ngaimona hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa wake, akasema tangu Bertin afe mke wake halali, anaweweseka, na waya kama huo uko kila mahali.

Baba mkubwa alisimama akatoka, akarudi na tawi bichi la sore. Alililaza sakafuni kati yangu na mume wangu. "Kama hukuwasha moto ule, vuka umchukue mke wako."

Ngaimona alivuka. Hakusita hata nukta. Alitabasamu, mishipa miwili ikatokeza shingoni, akanishika mkono. Vijana walishangilia kama mpirani. Kijiji kizima kiliona kwamba hana hatia, na mimi nilitembezwa nyumbani mkono kwa mkono kama siku ya harusi.

6 Januari

Hanipigi. Hanitukani. Ananilisha kwa mkono wake. Ameniambia tukipata mtoto nitapona.

7 Januari

Leo alitoka na wenzake kwenda kwenye kizuizi walichoweka barabarani. Baba mkubwa alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia. Amezeeka. Alisema, "Mwanangu, mimi ningesita."

Sikuelewa. Akasema yeye hakuwasha moto wowote, na hata hivyo angesita mbele ya tawi, kwa sababu hakuna mtu asiye na kitu moyoni. Mama mkwe angesita. Padri angesita. Asiyesita ni yule aliyekwisha kuvuka akaona tumbo halivimbi. Alisema anajua sasa, lakini wenye mapanga hawamsikii tena, na yeye sahibu wake amekufa. Nilimwambia yaliyomo ghalani. Alifumba macho. Kisha akasema atamwita Delfina.

Niliogopa. Delfina aliingia ghalani na kichwa kilichonyolewa na majivu ya ujane usoni, akamtazama Dija, michoro ile mashavuni, tumbo lile. Nilijiandaa kujirusha katikati. Alikaa chini, akatoa wembe.

Alimnyoa nywele zote. Alimpaka majivu usoni, tabaka juu ya tabaka, mpaka michoro ikapotea. Alimvalisha gauni lake la kuuzia karanga. Alikuwa anafanya kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Nilianza kushukuru. "Usinishukuru," Delfina alisema. "Nawachukia, na nitawachukia kesho. Ila huyu hakumuua Bertin. Na mjane ni mjane."

Mlangoni aligeuka akaniambia, "Haya, Mbanda. Hiyo miguu yako, itumie."

8 Januari

Tulipita njia ya mtoni, lakini kizuizi hakikwepeki. Vijana watatu, Ngaimona hakuwepo, Mungu ni mkubwa. Wakauliza huyu nani. Nilisema mjane, mume wake ameuawa kwa panga, nampeleka misheni akazae. Wakauliza aliuawa na nani. Nilisema na majirani zake. Mmoja alitikisa kichwa kwa uchungu, akasema Wambororo hawana utu. Akatupatia embe mbili zilizokaushwa.

Nilisema kweli tupu, kila neno.

2 Februari

Misheni. Tumelala wengi sakafuni kanisani: Wagbaya waliochomewa na Wambororo, Wambororo waliochomewa na Wagbaya, Wahausa, Wamboum, Msara mmoja mwenye redio isiyo na betri. Wanagombana kuhusu foleni ya uji. Usiku wote wanakohoa sawa.

19 Februari

Alikuja.

Niliitwa getini, nikamwona kabla hajaniona. Amekonda. Amevaa shati lake la bluu. Moyo wangu, mpumbavu, uliruka kama siku ya kwanza. Alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa jani. Asali, sega zima, jeupe. Alisema ameitafuta mbali, mti mwingine, na safari hii mwenge aliuzima kwa maji, akahakikisha. Alisema kitanda ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Alisema tunaweza kuhamia Bambari, au popote nitakapo. Alisema mengi, na yote yalikuwa mazuri, na sauti yake ni ileile.

Kando ya geti kuna sore, kichaka tu. Nilivunja tawi nikalilaza chini kati yetu. Sikumwambia avuke, wala asivuke. Nilimwambia majina: Bertin. Ardo Yunusa. Malam Sani. Gidado.

Nilidhani atavuka. Mguu wake uliinuka kabisa. Halafu akaangalia chini, akalitazama lile tawi kama mtu anayeona nyoka, na mguu ukarudi. Alisimama hapo hadi kivuli cha geti kikamfika. Uso wake ulikuwa wa mtu ninayemjua. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya asali, alikuwa yeye. Hapo ndipo nililia.

Aliweka bakuli upande wake wa tawi, akaondoka. Sikulichukua. Jioni lilikuwa jeusi kwa siafu.

11 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha mchana kutwa, na bati la kanisa lilikuwa linapiga kelele hata hatukusikia mtoto alipolia. Tulimwona tu kafungua kinywa. Ni wa kike. Nilimshika Dija mkono kama nilivyoahidi, akaniponda vidole, ndio maana mwandiko huu ni mbaya.

Kutoka dirishani tunaona vilima vilivyoungua. Vimeshaota majani, kijani kibichi kabisa, malisho mazuri kuliko yote, na hakuna ng'ombe hata mmoja wa kuyala.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akimalizia wimbo wake kwa haraka, kwa sababu kengele ilikuwa inakaribia kulia na sisi tulitaka kutoka: na wengine wawili. Hatukuwahi kumuuliza ni akina nani.

Wamelala kwenye mkeka wangu. Mdogo ana nywele nyingi. Mkubwa anakoroma.